Ukoo wa Bado

Kr. Kr. Kimya kidogo. Kr.

Umeme ulikuwa umekatika sufuria ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuchemka, na Mama Chiriku alikuwa jikoni anapapasa rafu kutafuta kiberiti aliposikia hako kasauti. Mwanzo alidhani panya. Halafu akakumbuka kwamba panya wa nyumba ile hawakuwa na subira hivyo. Wakianza kutafuna, wanatafuna. Huyu alikuwa anatafuna, anapumzika, anafikiri, kisha anaendelea. Na sauti yenyewe aliijua. Mtu anayeshinda kutwa akidarizi majina kwenye sare za watu hahitaji taa kutambua uzi unapofumuliwa.

Akawasha mshumaa, akafuata sauti hadi chumbani. Chini ya meza ya cherehani, binti yake alikuwa amekaa kitako, sweta jipya la shule limetandazwa mapajani, kachuma ka kufumulia uzi mkononi. Alikuwa anasoma herufi kwa ncha ya kidole, gizani. Herufi B ilikuwa imeshaondoka. A nayo imeondoka. D ilikuwa njiani.

"Unafanya nini, mama?"

"Natoa."

"Unatoa nini?"

"Hilo."

Hilo lilikuwa jina la ukoo wa baba yake. Ukoo huo uliitwa Bado. Wala si neno la lugha ya mbali lililofanana na letu kwa bahati mbaya. Bado ileile, kama chai bado haijaiva, kama fundi bado hajafika.

Ukiwa wa ukoo wa Bado, simu zinakupa tabu. "Naongea na nani?" "Bado." "Haya, ukishajua utapiga." Baba Chiriku alikuwa fundi wa mafriji, na juu ya mlango wa kibanda chake aliandika kwa rangi nyekundu FUNDI BADO. Wateja wakasoma, wakasikitika, wakampelekea friji zao fundi ambaye tayari. Akapanda ngazi, akageuza maneno yakawa BADO FUNDI, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Siku ya harusi yao shangazi zake bibi harusi walishikana mabega kwa kicheko: "Mwenzetu ameolewa, lakini bado!" Mama Chiriku naye alicheka. Jina la namna ile mtu mzima analizoea kama anavyozoea kiatu kinachobana. Anajifunza kutembea polepole, basi.

Mtoto je?

Huyu mtoto waliyemwita Chiriku alipewa jina hilo la utani kwa haki. Nyumbani aliongea na mswaki, aliongea na mlango, aliongea hata na mafua yake mwenyewe. Lakini siku ya wazazi kule chekechea mwalimu alimsimamisha mbele ya watu, akamwambia ataje jina lake kamili. Akataja lake, akataja la baba yake, akamalizia: "Bado." Mwalimu akangoja. Hakuwa na ubaya, binti wa watu, aling'ang'ania tu kusaidia. "Haya, malizia, tunakusikiliza." "Bado." "Bado nini, mpenzi? Umesahau?" Ukumbi mzima ukacheka, na wazazi waliojifunika midomo ndio walioonekana zaidi. Tangu siku ile, Chiriku akiulizwa jina na mtu yeyote hufunga mdomo kama pindo.

Sasa alikuwa anakwenda darasa la kwanza. Mwalimu mkuu wa shule mpya alishawatangazia wazazi, kwa sauti yake ya mkutano: siku ya kufungua, kila mtoto atasimama na kujitambulisha mwenyewe. Atakayeshindwa atarudishwa chekechea akakomae kwanza. "Hatumfukuzi mtu," alisema kwa upole. "Tutasema tu kwamba bado."

Mama Chiriku alichutama chini ya meza, mshumaa ukimdondokea kidoleni.

"Nitalibadilisha," alisema.

"Sweta?"

"Jina."

Mtoto akamtazama kwa makini, kama mtu anayepokea mzigo na anataka kujua una uzito gani. Kisha akamrudishia kachuma.

*

Mama Chiriku alikuwa anasoma masomo ya jioni, na katika masomo ya jioni mtu hujifunza mambo ambayo mchana hayana kazi. Mwezi uliopita walifundishwa majina ya watu duniani. Kumbe kuna nchi ambako ukoo unatangulia, na jina la mtu linafuata nyuma kama mtoto anayevutwa mkono sokoni. Kuna kisiwa cha baridi kali ambako wengi hawana ukoo kabisa. Mtu ni mtoto wa baba yake au wa mama yake, basi, na maisha yanaendelea. Kuna kwingine mtoto anabeba ukoo wa baba na wa mama pamoja, na anaposaini inabidi akae chini. Kuna nchi zilizojaa kina Mhunzi ambao hawajawahi kushika nyundo, na kina Mfupi wanaoinama wakipita mlangoni.

Masomo hayo yalimfungua macho hata kazini. Duka la sare lilipokea makoti ya hospitali, naye alikuwa amedarizi kwa uzi wa buluu ukoo wa daktari mmoja mgeni, ukoo ambao kwa lugha ya kwao maana yake ni mchinja nyama. Daktari huyo alikuwa wa upasuaji. Hakuna mgonjwa aliyewahi kukimbia, kwa sababu hakuna aliyeelewa. Hapo Mama Chiriku aliona siri yote ya majina mazuri: liwe la lugha ambayo jirani yako haijui. Tatizo la wakwe zake ni kwamba waliitwa kitu ambacho kila mtu alikielewa.

"Nimeamua," alimwambia jirani yake wa cherehani asubuhi iliyofuata. "Nabadilisha ukoo."

Jirani huyo aliitwa Zipu. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo.

"Ukoo wa nani?"

"Wetu."

"Mumeo anajua?"

"Bado."

"Ehe," alisema Zipu, akikata uzi kwa meno. "Umeshaanza."

"Usinicheke, shoga. Mtoto anafumua sweta gizani."

Zipu akaacha kucheka, jambo ambalo si la kila siku. Akavuta sweta, akatazama pale palipofumuliwa. "Kafumua vizuri lakini. Hajagusa kitambaa. Huyo ana mkono." Halafu, kwa kuwa hakuwa na zipu: "Sasa mtajiita nani? Maana mimi mwenzio nilipohamia hapa niliwaambia watu wote wasiniite Zipu. Niliwaambia kwa kirefu sana. Ndipo waliponiita zaidi."

*

Baba Chiriku hakukataa. Alikuwa mtu wa kupoza vitu.

"Nikibadilisha jina, wateja watanipataje?"

"Kwani sasa hivi wanakupata?"

Akafikiri, akakubali. Lakini ukoo hauvuliwi kama shati. Ilibidi wakamwone bibi yake Chiriku, na mbele ya bibi ilibidi awepo kaka mkubwa wa Baba Chiriku, yule ambaye Chiriku anamwita Baba Mkubwa. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, na tangu astaafu hakuwa na darasa, kwa hiyo alifundisha popote alipokuta viti.

Walikaa sebuleni kwa bibi. Chiriku aliingia chini ya meza na mwanasesere wake, na kutoka huko alisikika akimweleza mwanasesere mambo ya dunia.

"Mama," alianza Mama Chiriku kwa adabu zote, "tumekuja kuomba ruhusa yako. Ni kwa ajili ya mjukuu wako."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mgongo.

"Mkwe wangu, unajua jina hilo limetoka wapi?"

Alijua. Wote walijua. Lakini bibi akiuliza swali hilo, jibu linalofaa ni kukaa vizuri.

"Babu yake marehemu mume wangu alikuwa mpiganaji," alisema bibi. "Alizingirwa na maadui, yeye peke yake. Wakamwambia, umekubali yaishe? Akasema, bado! Wakampiga. Umekubali? Bado! Wakampiga tena. Bado! Mpaka wakachoka wenyewe, wakakaa chini, wakamwomba maji."

"Mama," alisema Baba Chiriku, "vita gani hivyo?"

"Vita ni vita. Ulikuwepo?"

Baba Mkubwa akakohoa kile kikohozi cha kufuta ubao. "Kwa heshima ya mama, hiyo ni simulizi. Kitaalamu jambo ni tofauti. *Ba* ni baba, katika lugha nyingi za dunia. *Do* ni ngome, katika lugha moja ya kale. Bado, kwa hiyo, ni Baba wa Ngome."

"Lugha gani hiyo, kaka?"

"Imekufa."

"Kwa hiyo hatuwezi kuiuliza," alisema Baba Chiriku.

Bibi hakuwa na habari na ngome. Aliinama, akatazama chini ya meza. "Njoo, mke mwenzangu. Njoo umwambie bibi yako unaitwa nani. Jina lote."

Chini ya meza pakawa kimya. Maelezo ya dunia yakakatika katikati. Mtoto akatoka taratibu, akasimama nyuma ya gauni la mama yake, akafunga mdomo.

Bibi alimtazama muda mrefu. Huyu mtoto hajawahi kumnyima kitu, hata pipi iliyokwisha kulambwa.

"Haya," alisema mwishoni, sauti imepungua. "Kabadilisheni. Lakini liwe jina zuri."

Ingekuwa heri angekataa. Maana kuachana na jina baya waliafikiana kwa pumzi moja. Kupata zuri ndiko kulikowaonyesha kuwa wao ni ndugu.

"Simba," alisema Baba Mkubwa.

"Simba wa mafriji," alisema Baba Chiriku. "Kwa nini tusifuate kazi, kama mataifa mengine? Mke wangu amesoma hayo. Mimi nashughulika na baridi. Tuwe ukoo wa Baridi."

"Baridi!" Bibi alishika kifua. "Nije nife niitwe Bibi Baridi, waombolezaji waje na makoti?"

"Mimi nilifikiri Tumaini," alisema Mama Chiriku, aliyekuwa ameliandaa jina hilo tangu chini ya meza ya cherehani, na ameshalishona kichwani kwa uzi wa kijani.

"Tumaini ni jina la zahanati, mwanangu."

"Ngome, basi," alisema Baba Mkubwa. "Tunatoa Ba, tunatafsiri Do."

"Mimi je?" iliuliza sauti kutoka nyuma ya gauni.

"Wewe ngoja kwanza, wakubwa wanaongea."

Wakubwa waliongea mpaka kuku wa jirani wakaingia bandani. Ilipoonekana kwamba hakuna jina litakalopita na watu wote wakabaki wanasalimiana, waliafikiana jambo moja: Baba Mkubwa, kwa kuwa ana kamusi, apewe siku chache. Mama Chiriku atangulie ofisini Alhamisi, maana mambo ya majina yanashughulikiwa Alhamisi na shule inafungua Jumatatu. Kabla hajafika dirishani, Baba Mkubwa atakuwa ameshapiga simu na jina.

"Nategemea simu yako, shemeji," alisema Mama Chiriku.

"Shemeji, mimi nimefundisha maisha yangu yote. Sijawahi kuchelewesha matokeo."

*

Ofisi ilikuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi, na feni iliyozunguka kwa heshima bila kupuliza mtu. Mbele kulikuwa na dirisha la kioo, na katika kioo kitundu cha kuongelea kilichotobolewa chini mno, hivi kwamba kila raia alilazimika kuinama kabla ya kusema shida yake. Huenda ndivyo ilivyokusudiwa.

Mama Chiriku alikaa benchi la nyuma na mwanawe. Foleni ilisogea. Simu ilikuwa mkononi mwake, haijalia. Alipobakiwa na watu wachache mbele yake, uliingia ujumbe kutoka kwa Baba Mkubwa: *Kazi inaendelea. Nimefika herufi K.*

Alifika dirishani. Akainama.

"Shida yako?" aliuliza karani. Alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, vidole tayari juu ya kompyuta.

"Kubadilisha jina la ukoo."

"La zamani?"

"Bado."

Karani akainua macho. "La zamani hulijui?"

"Nalijua. Ndilo hilo. Bado."

"Unalijua, au bado?"

"Yote mawili, dada."

Nyuma yake mtu aliguna. Mwingine akasema, "Jamani, wengine tumeacha vyungu jikoni." Chiriku alijibana kwenye mguu wa mama yake, uso ndani ya sketi.

"Aaa," alisema karani, na uso wake ukalegea. "Bado, kama bado?"

"Kama bado."

"Pole." Akaandika. "Na jina jipya?"

Mama Chiriku akaitazama simu. Kioo chake kilikuwa cheusi, na ndani yake aliona pua yake mwenyewe. Akafikiria Tumaini, akamwona bibi na ile zahanati. Akafikiria Simba, akaona herufi hizo kifuani mwa mtoto anayejificha kwenye sketi. Akafikiria Baridi, akasisimka. Alikuwa amesoma majina ya dunia nzima, na hakuwa nalo hata moja.

"Mama, nakuuliza. Jina jipya la ukoo?"

"Bado," alisema, na alimaanisha bado kidogo, dada yangu, nivumilie, simu italia sasa hivi.

Tak, tak, tak, tak. Mashine ikatoa karatasi. Muhuri ukapigwa, pah!

"Mwingine!"

Mama Chiriku aliichukua karatasi kama mtu anayepokea chenji, bila kutazama. Halafu akatazama. Ilisema, kwa lugha nzuri ya serikali, kwamba familia iliyokuwa ikitumia jina la ukoo Bado, kuanzia leo na kwa hiari yake yenyewe, itatumia jina la ukoo Bado.

Akainama tena haraka, paji la uso likagonga kioo.

"Dada! Umeandika Bado!"

"Umesema Bado."

"Nilimaanisha bado sijalipata!"

Karani akavua miwani, akaiacha ining'inie. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyekwisha kusikia kila kitu kupitia kitundu kile. "Mama, mimi naandika watu wanachosema. Nikianza kuandika wanachomaanisha, nitalala humu ndani."

"Basi ulifute, uandike lingine."

"Sheria inaruhusu kubadilisha mara moja. Nanyi mmeshabadilisha." Akaitazama karatasi kwa mbali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Na hongereni."

Simu ikalia.

"Shemeji!" Sauti ya Baba Mkubwa ilisikika hadi benchi la nyuma. "Nimelipata! Shujaa! Ukoo wa Shujaa!"

"Umechelewa, shemeji. Nimeshaandikisha."

"Umeandikisha lipi?"

"Bado."

"Basi hakijaharibika kitu! Kama bado, andika Shujaa!"

*

Nje, kwenye ngazi za ofisi, Mama Chiriku alikaa chini. Alitaka kulia, na machozi yalishafika. Lakini njiani yalikutana na kitu kingine, na kilichotoka kilikuwa kicheko. Kilianza chini tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega mpaka karatasi ikamdondoka. Watu walipita wakimkwepa, kama wanavyomkwepa mtu anayecheka peke yake nje ya ofisi.

"Mama, unacheka nini?"

Alichokuwa anakicheka alikuwa anakiona waziwazi, kama aliyekuwepo. Alimwona yule babu wa zamani kabisa amesimama mbele ya meza ya karani fulani, kofia mkononi. Hakuna vita, hakuna ngome. Karani kamwuliza jina la ukoo, naye hakuwa nalo, maana kwao mtu alikuwa mtoto wa fulani na ikatosha. Akaona hili ni jambo kubwa, watoto na wajukuu watalibeba, si la kuropoka. Akaanza kutafuta jina zuri. Karani akauliza tena, umepata? Na mzee, kwa heshima zote, akajibu.

"Namcheka babu yako mkuu," alisema. "Aliulizwa jina, akawa analitafuta. Alitaka awapatie jina zuri kuliko yote."

"Akina nani?"

"Baba yako. Mimi. Wewe."

"Mimi alikuwa ananijua?"

"Alikuwa hajakuona. Lakini alikuwa anakutafutia."

Chiriku akafikiri. "Akalipata?"

Mama yake akamtazama, akashindwa kujizuia. "Bado."

Ilichukua kitambo kidogo. Halafu mtoto akaangua kicheko, kile cha nyumbani, cha mswaki na mlango, na akakicheka pale nje mbele za watu. "Bado!" akasema. "Mpaka leo bado!"

Jioni hiyo walimpelekea bibi habari. Bibi alishika karatasi, akaisoma mara mbili, akainusa kidogo kama kwamba makosa yana harufu. Mama Chiriku akamweleza alichokiona pale ngazini, polepole, kwa hofu ya kumnyang'anya mpiganaji wake.

Bibi aliiweka karatasi mapajani. Kisha akasema, akitazama dirishani: "Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba babu yake alikuwa mzito wa kujibu. Ukimwuliza kama atakula, anafikiri. Ukirudi kutoa vyombo, ndipo anasema ndiyo." Akakunja karatasi. "Lakini alipigana."

"Na nani, mama?" aliuliza Baba Chiriku.

"Bado sijakumbuka."

*

Siku moja kabla ya shule kufungua, Mama Chiriku aliketi kwenye cherehani na lile sweta. Mchana ulikuwa mweupe na umeme ulikuwepo. Alilibana kwenye fremu, akalinyoosha, halafu akasita. Jina alishindwa kulibadilisha, na mtoto aliahidiwa. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa uzi.

"Chagua rangi," alisema.

Chiriku alichungulia sanduku la nyuzi kwa muda mrefu, akifikiri kama ukoo wake wote. Alichagua ya machungwa. Shule ilitaka ya kijivu, lakini shule haikuwepo pale.

"Mama, bado maana yake nini?"

Katika masomo ya jioni walifundishwa maana za majina mengi, hili halikuwemo. Mama Chiriku aliacha kukanyaga pedali.

"Ni kitu ambacho hakijaisha," alisema. "Kiko njiani."

"Kitu gani?"

"Hakijulikani. Kikijulikana, si bado tena."

Mtoto akakubali kwa kichwa, akashika ncha ya uzi usijikunje, na herufi zikaanza kutoka moja moja: B, A.

Jumatatu wazazi waliambiwa wasiingie darasani, kwa hiyo walijazana madirishani. Zipu alikuwepo pia. Hakuwa na mtoto shuleni hapo, alikuja tu kwa kushindwa kubaki kazini. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa kijana mwenye chaki sikioni, na mwalimu mkuu alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono imekunjwa, anasikiliza.

Watoto walianza kusimama mmoja mmoja. Mmoja ambaye jina lake maana yake ni mshindi alilia, akataka kurudi nyumbani. Mwingine, ambaye ukoo wake kwa lugha ya wazee wao maana yake ni amani, alimfinya wa mbele yake, akajitambulisha huku anamfinya. Dawati kwa dawati zamu ilisogea nyuma. Chiriku alikuwa dawati la mwisho kabisa, ameinama, kidevu kimegusa herufi za rangi ya machungwa. Jirani yake alipokaa, yeye hakusimama. Mwalimu hakumwona; akajipangusa chaki vidoleni.

Dirishani Mama Chiriku alishika chuma cha dirisha. Zipu, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakusema neno.

Mwalimu mkuu akainua kichwa. Mwalimu akalitazama darasa lote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haya," akauliza, "nani bado?"

Kule nyuma dawati likalia. Sweta lenye herufi za machungwa kifuani likainuka, na kidevu kikainuka nalo.

"Bado ni mimi."